Baraka ya Mama Mkwe

Tukutuku zile, pikipiki kama wengine wanavyoziita, zilipofika Kasongo, watu walizicheka. Bwana Stavro, Mgiriki mwenye duka la chumvi na vitambaa upande wa soko, alizishusha kutoka kwenye lori zikiwa ndani ya masanduku ya mbao, na alipoyabomoa watu wakauliza kama hao ni watoto wa tukutuku, na mama yao amebaki wapi. Tukutuku waliyoijua wao ilikuwa ile ya padri, nyeusi, nene, ikipita mbuzi wanakata kamba. Hizi zilikuwa nyembamba, na injini yake mtu angeweza kuipakata. Zilikohoa kama mzee wa ugoro. Lakini bei yake, hata mchuuzi wa mafuta ya mawese akijinyima angeifikia, na hapo ndipo ilipokuwa akili ya Stavro. Wazungu wa Bukavu walikuwa na mashindano yao ya tukutuku kubwa. Yeye akatangaza mashindano ya hizi ndogo, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, milima yote na mchanga wote, ili watu waone kwa macho yao kwamba zinapanda.

Sharti lilikuwa moja: tukutuku iende kama ilivyotoka dukani. Hakuna kuchonga injini, hakuna kubadili gurudumu la meno. Stavro alipiga lakiri, muhuri wa nta nyekundu, juu ya kila injini kwa mkono wake, na mtu atakayefika Kabambare lakiri imevunjika, basi amekula vumbi bure.

"Mashine ni moja kwa wote," alisema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Atakayeshinda, ni mutu ameshinda."

Maneno hayo yalimwingia Lukumani yakakaa. Lukumani alikuwa mtengenezaji wa baiskeli, mtoto wa Kasongo, Mwislamu baba na babu. Alikuwa amehitimu Kurani, mwandiko wake wa Kiarabu ulisifiwa msikitini, na katika Kongo ya Wabelgiji vyote hivyo havikumpa hata kazi ya kupima pamba. Kila mlango aliobisha waliuliza karatasi ya shule ya misheni. Aliwahi kuambiwa na karani mmoja, kijana mdogo kuliko yeye, kwamba Kurani ni nzuri lakini haina kazi hapa. Alicheka siku ile kwa sababu angefanya nini kingine, lakini lilimkaa rohoni. Sasa Stavro anasema mshindi atapelekwa Bukavu kushindana na washindi wa mahali pengine, na akishinda asishinde, atabaki huko kwenye gareji ya ndugu yake Stavro, aendeshe tukutuku na kuzitengeneza. Hakuna aliyeuliza mtu kabatizwa wapi. Kwa Lukumani ule ulikuwa mlango wa kwanza maishani ambao haukuuliza.

Alikuwa mmoja wa wachache walionunua. Alifanya hivyo baada ya kusukuma baiskeli yenye madumu ya mafuta mpaka mabega yakaota sugu. Na mtu wa kwanza aliyempandisha juu ya tukutuku yake alikuwa shemeji yake Alimasi.

Huyu Alimasi alikuwa kaka wa mkewe, Nuru. Kwao ni njia ya Kabambare, kijiji kabla tu ya kufika Lusangi, watu wa mihogo na pamba. Alikuja Kasongo kutafuta, akakaa kwa dada yake, akala ugali na sombe ya dada yake, akalala kwenye mkeka wa shemeji. Lukumani hakulalamika hata siku moja. Alimpenda. Walikuwa wakitembea wameshikana vidole kama watoto wa tumbo moja. Alimfundisha kuwasha, kukata mafuta kwenye mteremko, kusoma mchanga, kutoogopa gurudumu la mbele likitaka kukimbia. Alimasi alianguka, tukutuku ikapinda mshikio, Lukumani akaunyoosha akasema pole. Kijana alikuwa na mkono mwepesi. Mashindano yalipokaribia Stavro alimwazima tukutuku ya dukani naye aingie, na Lukumani ndiye aliyemwombea.

"Wewe utakuwa mbele, shemeji, miye nyuma yako," Alimasi alisema. "Atakayepita kati yetu atuambie alipita wapi." Wakaahidiana kwamba atakayekwenda Bukavu atamwita mwenziwe. Walishikana mikono juu ya ahadi hiyo, na Nuru aliona.

Lazima nieleze jambo moja la kwao Nuru, maana bila hilo hamtaelewa, na wengine walicheka kwa sababu hawakuelewa. Kwao mkwe hamkaribii mama mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye ila kwa mtu wa kati, na wakikutana njiani mwanaume ndiye anayetoka barabarani. Anaingia majani, anageuza mgongo, anangoja mpaka mama apite. Ukimpita mama mkwe ukiwa juu ya baiskeli, ukamrushia vumbi, ni kama umemvua nguo mbele ya watu. Binti yake atarudishwa, na hakuna mbuzi atakayelifuta haraka. Sasa waungwana wa Kasongo hawana ukali huo. Shehe alimwambia Lukumani wazi kwamba mama mkwe ni kama mama, amwamkie tu. Lakini alipooa, Alimasi alimkalisha chini akamfundisha: shemeji, kwetu hufanya hivi, na hivi, na hivi. Lukumani alijifunza yote kwa kumpenda Nuru. Watani walimwita mtumwa wa buko, yaani mtumwa wa ukweni. Yeye alijibu kwamba heshima si utumwa, na akaendelea kuingia majani.

Alimfundisha Alimasi tukutuku, Alimasi alimfundisha ukwe. Shikeni hapo.

Siku chache kabla ya mashindano Nuru aliomba ruhusa aende kwao, kuna matanga ya shangazi. Alikwenda akarudi. Alikuwa mkimya, na Lukumani alidhani ni msiba. Usiku na mchana yeye alikuwa akimwambia habari za Bukavu tu, ziwa lile, baridi ile. Nitatangulia, nikipata pa kulala nitakutumia neno. Aliyasema kwa furaha kabisa. Hakuona jinsi mwanamke ambaye hajapata mtoto anavyoyasikia maneno kama hayo, kwa sababu kila mwanamke wa Kasongo anamjua mwanamke mwingine aliyeambiwa hivyo hivyo, na mpaka leo anangoja neno.

Waliondoka asubuhi. Bwana wa teritware, Mbelgiji mkuu wa wilaya, aliangusha kitambaa, wanawake wakapiga vigelegele, na tukutuku zote zikakohoa pamoja zikaingia njia ya mashariki ndani ya wingu jekundu. Lukumani hakukimbilia mbele. Aliwaacha wenye haraka wachemshe injini zao kwenye vilima vya kwanza, na alipowakuta wamesimama wanapepea injini kwa kofia aliwapungia mkono. Mashine ni moja kwa wote, kweli, lakini injini ndogo haitaki kupigwa, inataka kubembelezwa. Kwenye madaraja ya magogo aliinuka juu ya vikanyagio. Kwenye mchanga aliacha tukutuku ichague njia. Alipopita kijiji cha Wamaza watu walimwambia kwa mikono kwamba hakuna mtu mbele yake.

Aligeuka mara moja tu. Nyuma, mbali, alimwona Alimasi, na nyuma zaidi Gaston, kijana wa misheni ambaye naye alikuwa amenunua. Alifurahi kumwona shemeji yake. Alicheka peke yake, meno yakajaa vumbi. Alianza hata kupanga atakavyomwambia Stavro kwamba gareji ya Bukavu itafaidika na watu wawili.

Lusangi ilikuwa inakaribia. Barabara pale inashuka, inajikunja, na majani ya tembo yanaibana pande zote mbili, pana nafasi ya tukutuku moja na mtu mwembamba. Lukumani aliingia kwenye kona, na katikati ya barabara palikuwa na mwanamke amesimama. Amevaa kitenge kipya. Mikono ameifungua mbele.

Alikuwa mama mkwe wake, Mama Alimasi.

Sasa wewe uliye kwenye kiti unasema: angepita pembeni. Yeye pia alilisema moyoni, msidhani ni mjinga. Alikuwa na nafasi ya kulisema, kwa kadiri ya mteremko ule. Aliona Bukavu, akaona gareji, akamwona yule karani wa Kurani haina kazi. Kisha akamwona Nuru akikunja mkeka wake arudishwe kwao kwa sababu mume alimvumbisha mama yake mzazi mbele ya kijiji. Mguu wake ulikanyaga breki kabla moyo haujamaliza. Akazima injini, maana kuunguruma mbele ya mkwe ni tusi jingine, akaisukuma tukutuku ndani ya majani, akavua kofia, akageuza mgongo akachuchumaa.

Desturi ni mama apite upesi, kwani haya ni ya wote wawili. Huyu hakupita. Lukumani alingoja. Alikohoa kidogo, kwa adabu, ndiyo ruhusa pekee aliyo nayo mkwe. Nyuma ya mgongo wake alisikia sauti ya mama ikinong'ona kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, ndefu, haina kituo, jina baada ya jina. Hakuelewa. Alidhani labda mama ameshikwa na ugonjwa, akataka kugeuka, akakumbuka kwamba hawezi. Jasho lilimtoka. Mungu wangu, alisema, mpitishe mama huyu.

Kilichopita kilikuwa injini. Aliijua kwa kukohoa kwake kuwa ni ya Alimasi. Alimasi ni mtoto, mtoto hazuiliwi na mama yake; mama alisogea kidogo, tukutuku ikapita katikati ya wawili hao bila kupunguza mwendo, vumbi likamfunika Lukumani kichwa kizima. Wala hakuita shemeji. Baadaye akapita Gaston. Ndipo sauti ya mama ikakoma, na nyayo zake zikaondoka polepole, kama za mtu aliyeridhika. Lukumani aliruka juu ya tukutuku. Injini ilikuwa imekataa, kama zinavyokataa ndogo zikizimwa na moto wake. Alisukuma, akasukuma, akaapa, akasukuma.

Alifika Kabambare wa tatu. Stavro alitazama lakiri yake, nzima kabisa, akauliza kulikoni. Utamwelezaje Mgiriki? Alisema tu alisimama. Alimasi alikuwa juu ya mabega ya watu, ana ua sikioni, anacheka. Waliposogeleana alimkumbatia Lukumani akamwambia amesikitika sana, alimwona majanini akadhani ni haja tu.

"Mama hukumwona?" Lukumani aliuliza.

"Mama kila siku iko njiani, shemeji. Anakwenda shamba. Mungu hakutaka, tufanye nini?"

Na Lukumani aliamini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini anayetaka kuamini huirefusha mwenyewe. Angefanya nini, amhesabie ubaya mtu aliyekula naye sahani moja? Alimshika mkono akamkumbusha ahadi yao. Alimasi alisema bila shaka. Aliondoka na lori la Stavro kwenda Bukavu, na tangu hapo kikawa kimya. Salamu zilikuja kwa Nuru kupitia kwa dereva. Kwa shemeji hazikuja hata za mdomo. Asante ya punda.

Kasongo ilimcheka mpaka ikachoka. Wapita njia kwenye kibanda chake cha baiskeli walikuwa wakigeuza mgongo na kuchuchumaa, wakikohoa kwa adabu. Aliumia, ndiyo, na usimwamini atakayekuambia hakuumia. Kuna siku alishika spana akasahau anafungua nini. Lakini jioni alirudi kwa Nuru, na Nuru alimwekea maji ya kuoga, akamwambia Mungu ana yake. Alijiambia kwamba mlango umefungwa lakini nyumba ipo. Aliiacha Bukavu iende, akabaki na mke ambaye yeye aliingia majani kwa ajili yake. Hilo moja lilimtosha.

Pamba ilipokwisha kuuzwa, Mama Alimasi alikuja Kasongo kumwona binti yake. Alikuja na kuku na kapu la karanga. Alikaa jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, na Lukumani akakaa barazani ametazama nje, na Nuru akasimama mlangoni katikati yao awe mpitishaji. Ukuta ule hauzuii sauti, kila mtu anajua. Lakini kwa desturi yao hujasikia neno mpaka mtu wa kati alilete, na huwezi kulijibu kabla.

Walisalimiana hivyo, mvua, mihogo, afya. Kisha mama akasema kwamba tangu siku ile ya tukutuku hajapata nafasi ya kumshukuru mkwe wake.

"Mama anasema hajapata nafasi ya kukushukuru," Nuru alisema.

Lukumani alishangaa, akajibu kwa adabu kwamba shukrani si yake, yeye ni mtoto tu. Nuru alipeleka. Sauti ya mama ikaja kutoka jikoni, yenye furaha, ya mtu aliyelihifadhi jambo lake kwa muda mrefu.

"Mwambie: mukwe gani tena, kati ya mbio za wazungu, atamkumbuka mama mukwe? Uliponiletea neno lake, kwamba nisimame kwenye kona nimwombee akipita, nilisema huyu si mukwe, huyu nimemuzaa. Nikanunua kitenge. Na mwambie sikukata hata jina moja. Niliwaita wazee wetu wote, mmoja mmoja, na yeye alingoja mpaka mwisho. Alingoja!"

Lukumani hakugeuka. Alikuwa amesikia kila neno, na hakuwa amesikia. Alikaa anatazama barabara, anangoja mkewe amletee.

Nuru hakuleta. Kuku alipiga mabawa jikoni akanyamaza.

"Mama anasema anakusalimu," Nuru alisema hatimaye.

"Nuru, leo una ulimi mufupi," mama alisema kutoka jikoni. "Hayo si maneno yangu. Mwambie yote."

Basi akayasema. Desturi ilimlazimisha, na mama yake alikuwa anasikiliza. Aliyasema moja moja, ametazama miguu yake, na alipofika pale ilibidi aseme: nilipomletea neno lako kwamba asimame kwenye kona. Hakukuwa na njia nyingine ya kulisema.

"Neno langu," Lukumani alisema.

Aliuliza kwa sauti ya chini, isiyovuka ukuta, nani alimtuma. Alijua. Alitaka tu alisikie jina kinywani mwake.

"Alimasi. Alisema mwanaume akifika Bukavu harudi. Alisema wewe utaoa huko, na yeye ni damu yangu, yeye atarudi." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, ili mama asisikie. "Nilijua utasimama. Kila mtu anajua ungesimama."

Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Lukumani alilijua neno hilo tangu utoto, amelisema mara ngapi kwa mzaha. Leo liliingia likamkata. Alimasi, haya, Alimasi ni mwizi, na mwizi mtu humlaani akalala. Lakini huyu Nuru aliichukua heshima ya mumewe, ile aliyoisomea kwa ajili yake, iliyomfanya aitwe mtumwa mjini, akaenda nayo mpaka Lusangi akaipanga barabarani kama mtego wa panya. Kisha akamwekea maji ya kuoga. Hasira aliyoitafuta hakuipata. Alihisi baridi tu, kifuani, ya mtu aliyeamka akakuta nyumba imehamwa.

Mama aliuliza wanasema nini huko. Akaongeza, akicheka kidogo, kwamba mkwe asimwonee kijicho shemeji yake, Mungu amegawa vizuri, ushindi kwa mwana na baraka kwa mkwe. Anataka kujua jambo moja tu kabla ya kurudi: je, baraka ile ilimfika?

Nuru alilileta swali.

Neno moja la Lukumani lingetosha. Angesema sikutuma mtu, na yule mama aliyesimama juani na kitenge kipya angejua watoto wake wawili walimfanya nini. Alilishika neno lile mdomoni. Akalimeza.

"Mwambie mama ilinifika yote. Hakuna jina lililoanguka."

Nuru alipeleka, na jikoni mama akapiga makofi ya shukrani, polepole, viganja vimekunjwa kama wanavyopiga wao.

"Mwambie pia," Lukumani alisema, "kesho akirudi, wewe utamsindikiza."

Nuru alimtazama. "Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenu."

Alishika mwimo wa mlango. Kisha akageukia jikoni, kwani mama alikuwa anangoja.

"Mama, Lukumani anasema kesho nitakusindikiza mpaka kwetu."

Mama alifurahi kupita kiasi. Alimwita Mungu, akasema wanaume wa siku hizi hawamtoi mke hata kwenda kisimani, na huyu anamtoa mpaka Lusangi ili mkongwe asitembee peke yake. Aliomba aulizwe mkwe wake mwema amrudishe lini.

"Mama anauliza," Nuru alisema, akauachia mwimo wa mlango. "Mama anauliza anirudishe lini."

Lukumani aliendelea kutazama barabara. Nuru alibaki mlangoni anangoja jibu la kupeleka, na nyuma ya ukuta mama yake naye akangoja.